Seti ya nyongeza na hatima ya kadi za zamani

Swali: Mimi na wenzangu saba tumetunga mchezo wetu wa kadi wa ulimwengu wa kichawi. Una kadi 160, koo nne na kanuni chache, nao tumeucheza mpaka kila mmoja anaijua deki ya mwenzake kabla haijachanganywa. Sasa tunataka kutoa seti ya nyongeza ya kadi 100 kuhusu mji uliozama baharini na mizimu inayoishi humo. Baadhi yetu wanasema kadi mpya lazima ziwe na nguvu kuliko za zamani, la sivyo hakuna atakayezitumia. Wengine wanaogopa kwamba zikiwa hivyo, kadi za zamani zitabaki sandukuni. Tuanzie wapi, na tutajuaje kwamba seti imefaulu?

Jibu: Ndugu yangu, nashukuru kwa swali lililoandikwa kwa uangalifu, na hasa kwa kunieleza mgawanyiko uliopo kati yenu, kwa sababu mgawanyiko huo ndio kiini cha jambo lenyewe. Pande zote mbili zinakubaliana juu ya dhana moja ambayo mimi siikubali, nayo ni kwamba kadi mpya na kadi ya zamani hushindana kwa nguvu, hivyo moja ikipanda nyingine sharti ishuke. Nguvu ni njia moja tu ya kuifanya kadi itamanike, na kwa maoni yangu ndiyo mbovu kuliko zote. Seti ya nyongeza iliyotungwa vizuri hubadilisha swali ambalo mchezaji hujiuliza anapopanga deki yake, na swali likishabadilika, kadi ambazo hazikuwa na kazi hupata kazi. Kwa hiyo kipimo ninachokitumia ni hiki: mkishaichezea seti mpya kwa majuma kadhaa, zihesabuni kadi za zamani ambazo hakuna aliyekuwa akizigusa na ambazo sasa zimeingia katika deki za watu. Zikiwa nyingi, seti imefaulu. Ikiwa hakuna hata moja, basi mmetunga mchezo mwingine na kuupa jina la ule wa kwanza.

Suala hili lina umri sawa na michezo ya aina hii yenyewe. Magic: The Gathering, uliobuniwa na Richard Garfield na kuchapishwa na kampuni ya Wizards of the Coast mwezi Agosti 1993, ulianza na kadi 295, na kufikia Desemba ya mwaka huohuo seti yake ya kwanza ya nyongeza, Arabian Nights, ilikuwa tayari mikononi mwa wachezaji. Ilikuwa seti ndogo yenye kadi 78 tofauti, ikiuzwa katika pakiti za kadi nane, na Garfield aliitunga kutokana na hadithi za Alfu Lela Ulela. Mpango wa awali ulikuwa migongo ya kadi zake iwe tofauti na ile ya seti ya msingi. Wachezaji walipopata habari wakapinga, na uamuzi ukabadilishwa wakati uchapaji umekaribia: mgongo ukabaki uleule, na mbele ya kila kadi ikawekwa alama ndogo ya upanga uliopinda ili kuonyesha seti inakotoka. Kadi za msingi za ardhi, yaani zile zinazotoa mana, nishati ya kichawi ya kulipia kadi nyingine, ambazo zilikuwa zichapishwe pamoja na seti hiyo, zikaondolewa kwa kuwa hazikuhitajika tena, isipokuwa ardhi moja iitwayo Mountain iliyosalia kwa bahati mbaya na kuchapishwa pamoja na nyingine.

Naeleza hayo kwa urefu kwa sababu uamuzi huo wa mgongo mmoja ndio uliofanya seti ya nyongeza iwe kitu tunachokijua leo. Kadi yenye mgongo tofauti hutambulika hata ikiwa imefunikwa juu ya deki, kwa hiyo migongo miwili ingezaa michezo miwili isiyochanganyika. Mgongo ulipokuwa mmoja, kila kadi mpya ililazimika kuishi pamoja na kila kadi ya zamani, na tangu siku hiyo mtungaji wa seti amebeba wajibu kwa kadi zote zilizomtangulia.

Ndani ya seti hiyohiyo kuna kadi iitwayo City in a Bottle, ambayo inapokuwa mezani huondoa kadi zote za Arabian Nights na kuzuia nyingine za seti hiyo zisichezwe. Miezi mitatu baadaye, mwezi Machi 1994, seti ya Antiquities ilikuja na Golgothian Sylex inayofanya kazi kama hiyo dhidi ya kadi za Antiquities. Mimi huzitazama kadi hizo mbili kama dalili ya mashaka: mtungaji anatoa seti na papo hapo anatoa swichi ya kuizima. Nawasihi msiifuate njia hiyo. Kadi inayoizima seti nzima haina kazi pale seti isipochezwa, na pale inapochezwa huua mchezo ambao watu wamekaa kuucheza. Ikiwa mna hofu kuhusu seti yenu, hofu hiyo imalizwe mezani wakati wa majaribio.

Sasa nije kwa upande unaotaka nguvu iongezwe. Kila mchezo wa aina hii una kipimo chake cha msingi, yaani kiumbe wa kawaida asiye na uwezo wowote wa ziada ambaye wengine wote hulinganishwa naye. Katika seti ya kwanza ya Magic alikuwa Grizzly Bears, kiumbe wa mana 2 mwenye nguvu 2 na uhai 2. Kwa miaka mingi watungaji walimwuliza kila kiumbe mpya wa gharama hiyo anamzidi dubu huyo kwa kitu gani, na wakampa kidogo hapa na kidogo pale, mpaka ikafika mahali kiumbe wa mana 2 mwenye nguvu 2 na uhai 2 bila la ziada haonekani tena katika deki yoyote ya ushindani. Huo ndio mfumuko wa nguvu, na hesabu yake ni nyepesi. Mkiongeza nguvu kwa sehemu moja ya kumi katika kila seti, kiumbe wa seti ya tano ya nyongeza atakuwa na nguvu mara 1.6 ya yule wa mwanzo kwa gharama ileile. Hakuna seti hata moja kati ya hizo tano itakayoonekana imevuka mpaka, na hata hivyo kadi zenu 160 zitakuwa zimekufa.

Ongezeko la polepole, hata hivyo, si hatari kubwa kuliko zote. Hatari kubwa hukaa katika punguzo la gharama na katika masharti yanayotimizwa bure, na mfano bora ninaoujua ni Mirrodin, seti iliyotoka Oktoba 2003 ikiwa imejengwa juu ya vifaa vya kichawi. Uwezo wake mkuu, ulioitwa affinity, uliipunguzia kadi gharama kwa mana moja kwa kila kifaa ambacho mchezaji alikuwa nacho mezani. Wazo lenyewe ni zuri, kwa kuwa linamwalika mchezaji ajenge kwanza ndipo apigane. Lakini seti hiyohiyo ilikuwa na ardhi tano ambazo zenyewe zilihesabiwa kuwa vifaa, hivyo kila ardhi ya aina hiyo iliyoshushwa ilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: ilitoa mana, na pia ilipunguza gharama. Myr Enforcer, kiumbe mwenye nguvu 4 na uhai 4 ambaye gharama yake iliyoandikwa ni mana 7, akawa anashuka mezani mapema mno, mara nyingine bila mchezaji kulipa mana hata moja.

Februari 2004 seti iliyofuata, Darksteel, ikaleta Skullclamp. Hiki ni kifaa cha mana 1 ambacho anayekivaa huongezewa nguvu 1 na kupunguziwa uhai 1, na anapokufa, mwenye kifaa huvuta kadi mbili. Kupungua kwa uhai kunaonekana kama gharama, lakini fuatilia kinachotokea mezani. Kiumbe mdogo mwenye uhai 1 akivishwa kifaa hicho hufa palepale, na kwa mana moja ya kumvisha, mchezaji ana kadi mbili mpya mkononi. Kifaa chenyewe hakiendi popote, hubaki mezani kikisubiri kiumbe mwingine. Kadi hiyo ilipigwa marufuku katika mashindano ya Standard, yale yanayoruhusu seti za karibuni tu, mwezi Juni 2004, na Machi 2005 zikafuata nyingine nane, zikiwemo zile ardhi tano. Jambo linalonigusa zaidi katika habari hii ni kwamba ukizisoma kadi hizo mojamoja, nyingi zinaonekana za kawaida kabisa. Ardhi inayotoa mana moja haina nguvu kuliko ardhi nyingine inayotoa mana moja, na madhara yalianza pale sharti la kadi moja lilipotimizwa na kitu ambacho mchezaji angekifanya kwa vyovyote vile. Kwa hiyo, kabla ya kuiandika kadi yoyote yenye maneno "kwa kila" au "gharama hupungua", jiulizeni ni kitu gani ambacho mchezaji hawezi kukiepuka, kisha hakikisheni sharti lenu halitimizwi nacho.

Upande wa pili wa jambo, yaani jinsi kadi mpya inavyoweza kuifufua ya zamani, una mfano wake pia. Mwaka 2006 seti ya Coldsnap ilikuwa na ardhi iitwayo Dark Depths, inayoingia mezani ikiwa na alama kumi za barafu. Mchezaji hulipa mana 3 kuondoa alama moja, na zikiisha zote, ardhi hiyo hutolewa kafara na mahali pake huzuka kiumbe anayeruka, asiyeangamizwa, mwenye nguvu 20 na uhai 20, katika mchezo ambao kila mtu huanza na alama 20 za uhai. Jumla ya mana 30 ni gharama ambayo hakuna mchezo wa ushindani unaoisubiri, kwa hiyo kadi hiyo ilibaki kuwa ya kutazamwa. Mwaka 2009 seti ya Zendikar ikaja na Vampire Hexmage, kiumbe wa mana 2 mwenye nguvu 2 na uhai 1 anayeweza kutolewa kafara ili kuondoa alama zote juu ya kadi moja. Ndani ya seti yake Hexmage alikuwa kiumbe mwenye manufaa ya wastani tu, lakini kando ya Dark Depths aliyeyusha barafu yote mara moja. Nakiri kwamba ufufuo huo ulipita kiasi, maana ushindi wa zamu ya pili au ya tatu haumwachii mpinzani nafasi ya kucheza. Hata hivyo njia ilikuwa sahihi, kwa sababu kadi mpya haikuizidi ya zamani kwa lolote na badala yake iliipa mlango. Jukumu lenu ni kutengeneza milango mingi midogo, na kuhakikisha hakuna mmoja unaoongoza moja kwa moja kwenye ushindi.

Tuje sasa kwenye mji wenu uliozama, na nachukulia kwamba mchezo wenu, kama mingi ya aina hii, una gharama, nguvu na uhai kwa kila kiumbe. Mji na mizimu ni mandhari, na mandhari peke yake hayatoshi. Mkichora mizimu mia juu ya kadi ambazo zingeweza kuwa simba au majitu, mmebadilisha picha tu. Mandhari lazima yageuke kitendo anachokifanya mchezaji. Innistrad, seti ya Septemba 2011 yenye mandhari ya kutisha, ililifanya hilo kwa namna ninayoiheshimu sana. Mtu-mbwamwitu wake amechapishwa pande zote mbili za kadi: upande mmoja mtu, upande wa pili mnyama. Zamu ikipita bila mchezaji yeyote kucheza uchawi, kadi hugeuzwa na mtu huwa mnyama, na mchezaji mmoja akicheza uchawi mara mbili au zaidi ndani ya zamu moja, mnyama hurudi kuwa mtu. Zingatia kwamba hakuna neno "hofu" popote katika kanuni hiyo, na bado mchezaji aliyeishiwa kadi za kucheza anajua kabisa kwamba usiku umeingia.

Bahari yenu inawapa kitu kama hicho bila kukitafuta mbali, nacho ni maji kupwa na kujaa. Wekeni katikati ya meza kipande kimoja chenye pande mbili, kinachotumiwa na wachezaji wote, upande mmoja maji yamepwa na mwingine maji yamejaa. Mchezo uanze maji yakiwa yamepwa, na kanuni iwe moja: mchezaji anayemaliza zamu yake bila kushambulia sharti akigeuze kipande hicho. Nasema "sharti", wala si "anaweza", kwa sababu tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa. Ikiwa kugeuza ni hiari, kila mtu atageuza pale tu panapomfaa, na maji yatakuwa zawadi ya mwenye zamu. Ikiwa ni lazima, mpinzani wako anaweza kukubana usiweze kushambulia na hivyo kukulazimisha uyageuze maji kwa manufaa yake, na mchezo mzima wa kusukumana unazaliwa kutokana na sentensi moja.

Tazama sasa kinachozipata kadi zenu za zamani. Bila shaka miongoni mwa zile 160 kuna viumbe wa kukinga, wenye uhai mwingi na nguvu ndogo, ambao hakuna anayewatumia kwa sababu kukinga tu hakuleti ushindi. Chini ya kanuni ya maji, kiumbe wa namna hiyo anamzuia mpinzani asishambulie, na kwa kumzuia anayaendesha maji. Kuna pia uchawi mdogo wa kuchelewesha, ule unaomfunga kiumbe mmoja kwa zamu moja, ambao hapo awali ulionekana ni kupoteza kadi na sasa ni usukani. Deki za mashambulizi ya haraka hazipotezi chochote, kwa kuwa anayeshambulia kila zamu hayagusi maji kabisa na anaweza kuyapuuza. Hakuna kadi mpya iliyozidi nguvu kadi ya zamani, na bado kila mmoja wenu atalazimika kufungua sanduku na kuzitazama upya kadi zote alizonazo.

Kadi mpya zenyewe zianze kwa unyenyekevu. Chukua kiumbe mmoja wa kawaida, tumwite Mlinzi wa Lango: mana 2, nguvu 1, uhai 3, na maji yakiwa yamejaa huongezewa nguvu 2. Maji yakiwa yamepwa yeye ni mkingaji dhaifu aliye chini ya kipimo chenu cha msingi, na yakijaa anakipita. Mwingine awe Mvuvi wa Mizimu: mana 3, nguvu 2, uhai 2, na kila maji yanapogeuka mwenye kadi hutazama kadi ya juu ya deki yake na anaweza kuipeleka chini. Huyu hajali maji yako upande gani, anachojali ni kwamba yageuke, kwa hiyo deki yake itataka kusitasita na kubadilika, tofauti na deki ya Mlinzi inayotaka maji yajae na kubaki hivyo. Tayari kuna mvutano kati ya kadi mbili za kawaida, na hapa hatujafika kwenye mfalme wa mizimu wala joka la kilindini.

Hapo ndipo ninapotaka mkae zaidi, kwenye kadi za kawaida. Watungaji wengi wapya huanza na kadi adimu kwa sababu ndizo zinazowajia kichwani wakiwa wamelala, kisha hujaza nafasi zilizobaki na chochote. Mark Rosewater, ambaye ameongoza ubunifu wa Magic kwa miaka mingi, amesema mara nyingi kwamba mada isiyokuwepo katika kadi za kawaida si mada ya seti, na hesabu inamuunga mkono. Tuseme kadi zenu 100 ni 50 za kawaida, 30 za nusu adimu na 20 adimu, na kila pakiti ina kadi 14: kumi za kawaida, tatu za nusu adimu na moja adimu. Ninyi ni wanane, na kila mmoja akifungua pakiti tatu zitafunguliwa pakiti 24. Zitatoka kadi za kawaida 240, yaani kila moja kati ya zile 50 itaonekana karibu mara tano, kila kadi ya nusu adimu itaonekana mara mbili au zaidi kidogo, na kila kadi adimu itaonekana takribani mara moja mezani pote. Hata huyo aliyeipata, akiwa na deki ya kadi 40 na akaona kadi 15 kabla mchezo haujaisha, atakuwa na nafasi ya asilimia 37.5 tu ya kuishika mkononi. Joka lenu la kilindini, kwa watu wengi katika michezo mingi, halitakuwepo kabisa, lakini Mlinzi wa Lango atakuwepo kila mara. Kama maji hayagusi angalau nusu ya kadi za kawaida, hamna seti ya maji.

Kuhusu koo zenu nne, naomba msizifanye zote ziyapende maji kwa namna moja. Koo nne zinatoa jozi sita, na kila jozi inafaa iwe na jibu lake kwa swali la maji: moja inayataka yajae, nyingine inayataka yapwe, nyingine inafaidika na mgeuko wenyewe, na mojawapo ishambulie tu bila kuyajali. Ravnica: City of Guilds, seti ya Magic ya Oktoba 2005, ilijengwa juu ya jozi kumi za zile rangi tano ambazo Magic huzigawia kadi zake, kila jozi ikiwa chama chenye jina na tabia yake, na watungaji wakawa na subira ya kutoa vyama vinne tu katika seti ya kwanza na kuvigawa sita vilivyobaki katika seti mbili zilizofuata. Ninyi mna jozi sita tu, mnaweza kuzitoa pamoja. Tengeni kadi mbili za nusu adimu kwa kila jozi, kumi na mbili kwa jumla, ambazo kazi yake ni kumwambia mchezaji waziwazi jozi hiyo inataka nini. Mchezaji anayeiona kadi hiyo katika pakiti ya kwanza ajue pa kuelekea.

Maneno ya kadi yawe machache. Kadi ya kawaida isomwe mara moja na kueleweka, na ikihitaji sentensi tatu, ipandisheni daraja au ivunjeni kuwa kadi mbili. Msiongeze uwezo mpya wenye jina zaidi ya mmoja au miwili. Kanuni ya maji tayari ni kitu kinachobaki mezani na kukumbukwa na watu wote, na kichwa cha mchezaji kina mipaka yake.

Majaribio yafanywe kwa karatasi na penseli kabla mchoraji hajaombwa picha hata moja, kwa sababu kadi yenye picha nzuri ni vigumu kuitupa. Andikeni maneno kwenye vikaratasi, vipenyezeni ndani ya mifuko ya plastiki mbele ya kadi za zamani, na kila kikaratasi kiwe na namba ya toleo lake ili msicheze na maneno mawili tofauti ya kadi moja. Ichezeni kwanza seti mpya peke yake: kila mmoja afungue pakiti, achague kadi moja, aipitishe pakiti kwa wa kushoto, na kuendelea hivyo hadi kadi ziishe, kisha pakiti ya pili ipitishwe kulia na ya tatu kushoto. Kila mmoja atakuwa na kadi 42, na kwa deki ya kadi 40 zenye ardhi 17 atahitaji 23 kati ya hizo. Mkiona watu wanashindwa kupata 23 zinazofaa, kadi nyingi za kawaida ni dhaifu mno. Mkiona watu wanane wote wamejenga deki ya namna moja, kuna kitu kimezidi.

Baada ya hapo jaribuni mpya dhidi ya zamani, na hapa msijionee huruma. Chukueni deki bora kabisa ya zamani, ile ambayo wenzako wanaiogopa, muipambanishe na kila deki mpya mara nyingi, mkibadilishana mikono ili ustadi wa mtu mmoja usipotoshe matokeo. Deki mpya ikishinda karibu kila mara, tafuteni punguzo au sharti la bure kama nilivyoeleza kuhusu Mirrodin. Ikishindwa karibu kila mara, msikimbilie kuongeza namba kwenye kadi. Kwanza ongezeni njia za kuyaendesha maji, kwa sababu mara nyingi kadi si dhaifu, ila hali inayozipa nguvu haifikiwi. Wekeni pia kadi mbili tatu za kawaida zinazoyazuia maji yasigeuke kwa zamu moja, ili yule asiyeipenda mada yenu awe na namna ya kuipinga bila kuizima.

Swali la kuzitenga kadi za zamani katika mashindano halijawafikia. Magic ilianzisha mfumo wa kuruhusu seti za karibuni tu mwezi Januari 1995, ukiitwa Type 2 wakati huo na Standard baadaye, lakini kufikia hapo ulikuwa na seti kadhaa za nyongeza na wachezaji wapya wasioweza kuzipata kadi za mwanzo. Watu wanane wenye sanduku moja hawana tatizo hilo, na mkilianzisha sasa mtakuwa mmejinyima raha ileile ninayowasihi muitafute.

Katika uchapaji, mgongo wa kadi uwe uleule wa seti ya kwanza, rangi kwa rangi na unene kwa unene. Kama mashine au karatasi imebadilika na tofauti inaonekana, chezeni na mifuko ya plastiki yenye mgongo usiopenya mwanga. Mbele, kila kadi iwe na alama ya seti na namba yake, kuanzia 1 hadi 100. Maneno ya kadi yakilazimika kurekebishwa baada ya kuchapishwa, jambo ambalo hutokea hata kwa wachapaji wakubwa, andikeni maneno mapya katika daftari moja chini ya namba ya kadi hiyo, mkubaliane kwamba la daftari ndilo linalofuatwa, na daftari liwepo mezani kila mnapocheza.